Barua ya wazi: trekta jipya lisikabidhiwe kwa mkulima likiwa linavuja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, na wakuu wa Shirika la Viwango Tanzania, Tume ya Ushindani na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, Arusha.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Naandika kutoka Igurusi, wilayani Mbarali, nikiwa katibu wa kikundi cha wakulima 14 wa mpunga. Mwaka jana, baada ya kuweka akiba kwa misimu minne na kujazia kwa mkopo pale akiba ilipoishia, tulinunua trekta dogo jipya la nguvu za farasi 35, linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na rotaveta yake, yaani zana ya kuchanganya na kulainisha udongo. Sitamtaja aliyetuuzia wala chapa ya trekta hilo, na sinyamazi kwa woga. Nimekwisha kuzungumza na wenye matrekta madogo ya chapa nyingine hapa Usangu, na malalamiko yao yanafanana na yetu kiasi kwamba kumtaja mmoja kungekuwa kuwaficha wengine nyuma yake. Ninaloliomba kwenu ni kubwa kuliko kesi ya muuzaji mmoja.

Ombi lenyewe ni hili: trekta jipya lisihesabiwe kuwa limekabidhiwa mpaka limekaguliwa, limefanyishwa kazi, na limeonekana halivuji mbele ya macho ya mnunuzi, na huduma ya kwanza, ile ya baada ya saa 50 za kazi, ifanyike mahali trekta linapofanya kazi, kwa gharama za aliyeliuza. Hivi sasa kazi hiyo ya kulimalizia trekta anaachiwa mkulima, shambani, katikati ya msimu, huku akikatazwa kushika spana.

Trekta letu lilishushwa kutoka kwenye lori Jumamosi jioni. Aliyelileta alitupa funguo mbili, kitabu cha Kiingereza, na karatasi ya kutia sahihi kwamba tumelipokea likiwa katika hali nzuri. Tulitia sahihi kwa mwanga wa tochi ya simu, kwa kuwa dereva wa lori alikuwa na haraka ya kufika Mbeya kabla usiku haujawa mkubwa. Katika mambo yote nitakayoyaeleza, hilo ndilo kosa letu wenyewe, na ninalikiri.

Asubuhi ya Jumapili dereva wetu alikuta chini ya gurudumu la mbele la kulia doa la oili lenye ukubwa wa kisahani cha chai, na chini ya rejeta matone ya maji ya kijani. Tulipopiga simu, fundi wa muuzaji alitujibu kwa upole kabisa kwamba mashine mpya ndivyo ilivyo, kwamba sili, yaani vile vizibo vya mpira vinavyozuia oili isitoke, zikishapata moto zitakaa, na kwamba tusiguse nati yoyote, maana tukiigusa tu waranti itakuwa imekufa siku hiyo hiyo. Tukaamini. Jumatatu trekta likaingia jarubani, kwenye shamba la mpunga lenye maji.

Kufikia Alhamisi doa la kisahani lilikuwa limekuwa la sinia. Usukani ulianza kuwa mzito, pampu ikawa inalia kila dereva alipokata kona, na oili ya haidroliki ilikuwa imeshuka chini ya alama ya mwisho ya dipstiki. Injini nayo ikawa inazimika yenyewe mara mbili tatu kwa siku, na baadaye ikaja kujulikana kwamba kikombe kinachotenga maji na dizeli hakikukazwa, hivyo mfumo ulikuwa ukivuta hewa. Taa moja ya nyuma haikuwahi kuwaka hata siku moja. Hayo yote ni madogo, nami nayataja kwa udogo wake, lakini yalikuwa madogo mengi kwa wakati mmoja, juu ya mashine ambayo bado ilikuwa na nailoni ya kiwandani kwenye kiti.

Jambo moja halikuwa dogo. Siku ya tatu ya kazi, dereva alipita kwenye magurudumu yote na spana, kwa mazoea yake aliyoyapata kwenye mashamba makubwa ya mpunga ya wilaya hii, akakuta nati nne za gurudumu la nyuma la kushoto zinazunguka zaidi ya nusu mzunguko kabla ya kukaza. Alinijia akaniuliza kama azikaze au asizikaze, kwa sababu alikuwa amesikia lile onyo la waranti. Nilimwambia azikaze. Nimelifikiria swali lile mara nyingi tangu siku hiyo: mtu mzima, dereva wa miaka mingi, amesimama na spana mkononi kando ya gurudumu linaloweza kuchomoka na kumlalia, akiomba ruhusa ya kukaza nati.

Kuhusu ule uvujaji wa mbele, hakuridhika na maelezo ya simu. Alisafisha ekseli, mipira na viungio vyake kwa dizeli na kitambaa, akasubiri vikauke, kisha akanyunyizia poda ya watoto pande zote mpaka chuma kikawa cheupe. Akawasha injini, akazungusha usukani hadi mwisho wa kushoto na hadi mwisho wa kulia mara kadhaa, akainua na kushusha rotaveta, akazima. Kwenye weupe ule mstari mwembamba wa oili ukajichora wenyewe, ukianzia kwenye bolti yenye tundu inayounganisha mpira wa pawastelingi (haidroliki inayolainisha usukani) na silinda yake, ukateremka hadi kwenye kitovu cha gurudumu. Pale chini ulikutana na unyevu mwingine, mzito zaidi na wenye harufu kali ya oili ya gia, ambao ulikuwa ukitoka kwenye sili ya ekseli. Kumbe doa lilikuwa moja, lakini vyanzo vilikuwa viwili, na oili zenyewe zilikuwa za aina mbili. Hatukufungua kitu. Tulipiga picha, tukatuma, tukasubiri.

Tulisubiri siku 19. Fundi alipofika alifungua ile bolti mbele yangu. Bolti ya aina hiyo hukaa katikati ya washa (vipete bapa vya kuzibia) mbili za shaba, moja juu na moja chini ya jicho la mpira. Yetu ilikuwa na moja. Aliyeifunga alisahau ya pili, au hakuwa nayo, akakaza kwa nguvu akidhani nguvu itaziba nafasi ya washa. Kazi ya kuirekebisha ilichukua muda usiozidi dakika kumi. Kilipu ya mpira wa rejeta aliikaza robo mzunguko kwa bisibisi, na maji ya kijani hayakudondoka tena mpaka leo. Sili ya ekseli hakuwa nayo. Alisema iko Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 700 kutoka hapa, na ilitufikia kwa basi baada ya siku nyingine nane. Tulipoitoa ile ya zamani tulikuta mdomo wake wa mpira umekunjika upande mmoja, jambo ambalo hutokea sili inapogongwa ikiwa imeinama badala ya kusukumwa sawasawa.

Waheshimiwa, siku 27 kwenye skimu ya umwagiliaji si siku 27 za kalenda ya ofisini. Maji hapa huenda kwa zamu, na zamu ikipita hairudi kwa sababu trekta lako lilikuwa linasubiri sili. Miche ya mpunga hupendeza ikihamishwa kutoka kitaluni ikiwa na siku 21 hadi 25 hivi. Ya wanachama wetu sita ilipandikizwa ikiwa imevuka siku 40, imerefuka, imeanza kuwa na vifundo, na machipukizi iliyotoa baadaye yalikuwa haba, kama kila mkulima wa mpunga anavyojua yatakavyokuwa. Wawili kati yao ni wajane waliouza ng'ombe ili kutimiza mchango wao. Marejesho ya mkopo hayakusogezwa mbele hata kwa siku moja.

Nataka niwe wa haki katika jambo hili. Si kila unyevu kwenye trekta jipya ni uvujaji. Grisi na oili ya kuhifadhia chuma wakati wa safari ya baharini huyeyuka mashine inapopata moto, ikachuruzika na kumtisha mwenye mali bila sababu. Ekseli au gia boksi iliyojazwa kupita kipimo hutema ziada yake kupitia tundu la kupumulia, na tundu hilo likizibwa na rangi au tope, mgandamizo wa ndani husukuma oili kwenye sili iliyo nzima. Dereva anayepima oili trekta likiwa limeinama kwenye tuta hupata kipimo cha uongo na kulaumu kiwanda. Muuzaji ana haki ya kumwuliza mnunuzi maswali haya kabla ya kutuma fundi. Ndiyo maana nasema poda, kitambaa na robo saa ya subira vilitosha kutenganisha doa la kupuuzwa na doa la kushughulikiwa. Na kama vilitosha kwetu uani, vingetosha pia kwenye karakana ya muuzaji kabla trekta halijapandishwa lorini.

Chanzo cha mengi ya haya hakijifichi. Matrekta madogo mengi husafirishwa ndani ya makontena yakiwa yametolewa magurudumu na baadhi ya sehemu zake ili yaenee mengi kwa pamoja, kisha huunganishwa yakishafika. Betri hufungwa huku, magurudumu hufungwa huku, mipira ya usukani na viungio vya haidroliki huunganishwa huku, maji ya rejeta na wakati mwingine oili hujazwa huku. Sasa angalieni orodha ya kasoro zetu: nati za gurudumu, bolti ya mpira wa usukani, kilipu ya rejeta, kikombe cha dizeli. Zote ni sehemu ambazo mkono wa mtu huweza kuwa ulipita wakati wa kuunganisha na kujaza, na pengine ulipita kwa haraka. Sili ya ekseli tu ndiyo ninayoweza kuamini kwamba ilitoka kiwandani na kasoro yake. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba trekta jipya lazima livuje kidogo, anauita uzembe wa kuunganisha kwa jina la tabia ya chuma.

Neno hilo "kidogo" nalo linahitaji kupimwa. Matone 20 hufanya karibu mililita moja. Uvujaji wa tone moja kila sekunde kumi, ambao mpita njia hataujali, humwaga mililita 180 kwa saa kumi za kazi, na katika msimu wa siku 60 za kulima ni karibu lita 11 za oili. Oili hiyo haipotei hewani. Huelea juu ya maji ya jaruba, huingia kwenye mifereji ya kutolea maji, na maji ya Usangu yote huelekea mto Ruaha Mkuu, ambako yapo wanyama wa hifadhi na lipo bwawa la Mtera.

Zaidi ya hapo, penye mlango wa oili kutoka pana mlango wa maji kuingia. Ekseli ya mbele iliyopata moto ikitumbukizwa kwenye maji ya jaruba hupoa ghafla, hewa iliyomo ndani hunywea, na maji yenye tope hufyonzwa kupitia sili ile ile iliyokuwa ikivuja. Tulipomwaga oili ya ekseli yetu ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Kama tungefuata ushauri wa kusubiri sili zikae, tungesubiri mpaka beringi na gia za mbele ziliwe na mchanga, na wakati huo mazungumzo yasingekuwa tena ya sili ya bei ndogo.

Lipo pia suala la usalama ambalo sijaona likielezwa kwa Kiswahili mahali popote kwenye trekta letu. Haidroliki ya trekta dogo hufanya kazi kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 150, wakati tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar mbili na kidogo. Mpira wenye tundu dogo kama la sindano unaweza kurusha oili kwa nguvu ya kupenya ngozi bila kuacha kidonda kikubwa; mtu huona kinukta tu, huona ganzi, huendelea na kazi, kumbe oili imeshaingia mwilini na anahitaji upasuaji wa haraka ili kuokoa kidole au mkono. Vijana wetu wengi hutafuta uvujaji kwa kupapasa mpira huku injini ikiunguruma. Njia sahihi ni kupitisha kipande cha boksi kando ya mpira na kutazama mahali kitakapolowa. Sentensi mbili za Kiswahili zilizobandikwa karibu na pampu zingelifundisha jambo hilo kwa gharama ya karatasi.

Sasa nije kwenye saa 50. Kila anayeuza trekta anajua kwamba saa hizo za mwanzo ndizo gia mpya zinapojisaga na kukubaliana, ndiyo maana oili na filta za kwanza hubadilishwa mapema, zikiwa na unga wa chuma ndani yake, na bolti zote hukazwa upya. Ni utaratibu mzuri na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na karatasi ya waranti inayosema kwamba huduma hiyo ifanywe na fundi wa muuzaji pekee, kwenye karakana yake, au mnunuzi alipe nauli na posho ya fundi kuja. Trekta la kikundi msimu wa kulima hufanya kazi saa nane hadi kumi kwa siku, kwa hiyo saa 50 hutimia kabla ya wiki moja kwisha. Je, wiki ya kwanza ya msimu tulipakie tena kwenye lori kulirudisha Dar es Salaam kubadilishiwa filta? Tukifanya hivyo tumepoteza msimu. Tukibadilisha wenyewe tumepoteza waranti. Tukiendelea bila kubadilisha tumepoteza trekta. Mkataba unaomweka mtu mwaminifu kwenye njia panda ya namna hiyo haukuandikwa kwa kumfikiria mkulima. Na waranti yetu ya mwaka mmoja au saa 600 iliendelea kuhesabiwa katika siku zote 27 ambazo trekta lilisimama kwa kasoro za muuzaji mwenyewe.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imekuwapo kwa miaka mingi na inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza. Hata hivyo, kikundi cha wakulima 14 hakiendi mahakamani kwa ajili ya washa ya shaba, na muuzaji analijua hilo. Ndiyo sababu ninawaandikia ninyi, mlio na uwezo wa kuweka masharti kabla madhara hayajatokea.

CAMARTEC iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1981, na kupima zana za kilimo ni sehemu ya kazi zake. Ninaiheshimu kazi hiyo, lakini naomba ieleweke kwamba kupima aina ya trekta ni jambo moja na kukabidhi trekta moja moja ni jambo jingine. Trekta la mfano linaweza kufaulu kila jaribio la kuvuta na la matumizi ya dizeli, na bado lile lililoletwa Igurusi likakosa washa. Upimaji wa aina hauwezi kuliona hilo. Wa kuliona ni mtu anayesimama mbele ya trekta lenyewe siku ya kukabidhi.

Wenzetu waliokutana na shida hii zamani walilitambua. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska nchini Marekani lilitunga sheria ya kupima matrekta, iliyopiganiwa na Wilmot Crozier, mkulima aliyekuwa mjumbe wa bunge la jimbo hilo na ambaye alikuwa amewahi kuuziwa matrekta yasiyofanya yaliyotangazwa. Majaribio ya kwanza yalikamilika mwaka 1920. Watu wengi wanaoitaja sheria hiyo hukumbuka majaribio tu. Mimi kilichonigusa ni sehemu yake nyingine, iliyotaka kampuni inayouza trekta jimboni iwe na huduma na akiba ya spea ndani ya jimbo hilo hilo. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, wakulima wale waliona kwamba trekta bila sili ya karibu ni trekta nusu.

Kwa hiyo naomba muweke sharti kwamba kila trekta jipya liambatane na hati ya ukaguzi kabla ya makabidhiano, ya Kiswahili, yenye namba ya injini na saa zilizosomeka kwenye mita, na yenye sahihi ya fundi aliyekaza nati za magurudumu, aliyekagua viungio vya haidroliki, rejeta, dizeli na betri, na aliyeliendesha trekta kwa mzigo mpaka likapata moto. Mnunuzi atie sahihi yake mchana, baada ya trekta kusimama usiku mzima juu ya sakafu au turubai safi. Usiku mmoja unatosha. Trekta letu lilijisema lenyewe usiku wa kwanza.

Muuzaji anayepeleka trekta Mbeya awe na sili, filta, washa, mipira na oringi zake Mbeya. Sizungumzii injini nzima wala gia boksi, nazungumzia vitu vinavyoenea kwenye kabati moja. Na siku ambazo trekta limesimama likisubiri spea ziongezwe kwenye waranti.

Lile katazo la kushika spana nalo liangaliwe upya. Hapa hapa Igurusi kipo chuo cha mafunzo ya kilimo cha Wizara, na chuo cha ufundi cha VETA kipo Mbeya. Wauzaji wanaweza kuwapa mafundi wa maeneo haya mafunzo mafupi na barua ya kuwatambua, ili huduma ya saa 50 na ukazaji wa kawaida vifanywe nao, viandikwe kwenye kitabu cha trekta, na waranti ibaki hai. Kukaza nati ya gurudumu au kilipu ya rejeta kusiwe sababu ya kumnyima mtu haki yake kwa hali yoyote.

Ombi la mwisho ndilo ninaloliona kuwa rahisi kuliko yote, kwa sababu halihitaji sheria mpya. Matrekta mengi ya vikundi hununuliwa kwa mikopo, ikiwamo ya Mfuko wa Pembejeo za Kilimo na ya Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Mkopeshaji ndiye anayemlipa muuzaji. Basi asimlipe yote siku ya kwanza: sehemu ya bei ishikiliwe mpaka huduma ya saa 50 ifanyike shambani na kikundi kitie sahihi kwamba trekta halivuji. Makandarasi wa barabara hushikiliwa sehemu ya malipo yao mpaka kazi ithibitike, na hakuna anayeona kuwa ameonewa. Nina hakika fundi asingechukua siku 19 kufika Igurusi kama fedha ya mwajiri wake ingekuwa inamsubiri huku.

Trekta letu leo lina saa 318. Linalala juu ya sakafu ya saruji tuliyoijenga kwa kusudi hilo, na kila asubuhi dereva huinama na kutazama chini yake kabla ya kuwasha, na hukuta pakavu. Ni mashine nzuri, na mkiniuliza kama ningelinunua tena nitasema ndiyo. Daftari letu la saa za kazi, picha za poda, nakala ya karatasi ya waranti na ile sili iliyokunjika mdomo nimevihifadhi ofisini kwa kikundi, na mkaguzi yeyote mtakayemtuma ataonyeshwa vyote siku atakayofika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga,
Igurusi, Mbarali, Mbeya.